Mama Nichoree na Sifuri Thelathini na Moja

Tarehe thelathini mwezi huu wa Juni, kengele ya mwisho ikishalia, mtunzaji wetu wa maabara ya fizikia atafunga kabati la lenzi, atatundika koti lake jeupe kwenye msumari, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na minne hatakuwa na sababu ya kurudi kesho yake. Miaka thelathini na minne! Kuna walimu shuleni hapa ambao hawajafikisha umri huo. Nawajua mmoja mmoja, wasinitazame vibaya.

Kwenye faili ana jina kamili na namba ya utumishi, lakini ukimwita kwa jina hilo uwanjani hapa hakuna atakayegeuka, hata yeye mwenyewe huenda asigeuke. Wanafunzi walimpa jina la Mama Nichoree, likashika, likatufikia walimu, likamfikia na mpeleka barua. Sababu ya jina hilo mtaiona hapa chini.

Kwa kawaida wasifu wa mstaafu huandikwa na mwalimu wa lugha, mwenye Kiswahili chake cha kupigwa pasi. Safari hii niliomba kuandika mimi, mwalimu wa fizikia, ambaye sentensi zangu nyingi huishia na namba. Mkuu wa shule aliniuliza kulikoni. Nikamwambia ukweli: jina la mama huyu lina doa, wengi wenu mmelisikia likinong'onwa, na doa hilo nililipaka mimi. Nataka kulifuta mbele ya watu kabla hajatoka getini. Akanipa kurasa mbili. Nimetumia zaidi, anisamehe.

Alianza kazi hapa akiwa na miaka ishirini na sita, si kama mtunza maabara bali kama mfagizi. Zamu yake ilikuwa jengo la sayansi. Mwalimu wa fizikia wa enzi hizo, ambaye sasa ni mzee wa kulea wajukuu, anasimulia kwamba siku moja aliwafundisha wanafunzi saketi ya umeme na balbu ikagoma kuwaka. Akabadilisha betri, akabadilisha balbu, akapiga meza, wapi. Kengele ikalia, akaondoka na aibu yake. Aliporudi baada ya chakula cha mchana balbu ilikuwa inawaka, na mfagizi yuko pembeni anasuuza kitambaa kana kwamba hayamhusu. Kumbe ncha moja ya waya ilikuwa bado imevaa plastiki yake, naye alikuwa ameikwangua kwa kisu cha kumenyea. Alisema tu kwamba waya uliovaa koti haushiki kitu.

Mwalimu yule hakuwa mtu wa kupoteza bahati. Alimpigania mpaka akapelekwa mafunzo ya utunzaji wa maabara, miaka miwili, kila likizo. Wakati huo Mama alikuwa na watoto wawili wadogo, na waliobaki nao ni mume wake, fundi baiskeli, pamoja na mama mkwe aliyekuwa akisema wazi kwamba haelewi mtu mzima anakwenda kusomea kuosha chupa. Alimaliza, akafaulu. Cheti chake hakijawahi kutundikwa ukutani. Kimo ndani ya sanduku lile lile la cheti cha ndoa, na mume wake hupenda kulalamika kwamba kinachotolewa na kutazamwa mara kwa mara ni kimoja tu.

Kama mtunza vifaa hana mfano. Katika miaka yote hiyo hakuna kifaa hata kimoja kilichopotea mikononi mwake. Vilivyovunjika vipo, maana watoto ni watoto, lakini kila kilichovunjika kimeandikwa katika daftari lake pamoja na tarehe, jina la mvunjaji na sababu. Nimelisoma daftari hilo nikacheka mpaka nikakaa chini. Kipimajoto, sababu: mchezo. Bika, sababu: kuringa. Lenzi mbili siku moja, wavunjaji wawili wa kidato cha nne, mvulana na msichana, sababu: mapenzi. Hao wa lenzi walioana, na walimletea kadi ya harusi.

Lakini shule zote zina mtu wa kuhesabu bika. Kilichomfanya Mama awe Mama ni meza nyeusi.

Meza yenyewe ni kuukuu, imekaa mwisho wa maabara karibu na dirisha. Mguu wake mmoja umekanyagishwa kipande cha kigae ili isiyumbe. Mwaka wake wa tano kazini aliipaka juu ile rangi ya ubao, akaweka kopo la vipande vya chaki vinavyoachwa na walimu, akatangaza kwamba kuanzia kengele ya mwisho mpaka saa kumi na moja, Jumatatu hadi Alhamisi, aliyekwama na kazi ya nyumbani ya fizikia aje. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemlipa. Alisema tu kwamba amechoka kuona watoto wakikaa nje ya maabara na madaftari magotini, wanatafuna kalamu.

Meza ile ilikuwa na sheria zake. Ukifika, usifungue mdomo. Ukianza kusema kwamba swali ni gumu, kwamba mwalimu hakufundisha vizuri, kwamba ulikuwa unaumwa, anakukata kwa neno moja: “Nichoree.” Mchoree hilo swali. Kama ni gari, chora gari. Kama ni jiwe limetupwa, chora jiwe na aliyelitupa. Ukishachora ndipo anauliza maswali yake, yale yale kila siku: umepewa nini, unatafuta nini, nani anamsukuma nani. Mwenyewe hashiki chaki. Hiyo ndiyo sheria kubwa kuliko zote. Mikono yake huwa nyuma ya mgongo kama mtu anayepita kukagua shamba la jirani. Na ukishapata jibu unalinakili daftarini, unafuta meza, unaondoka, ili anayekuja nyuma yako akute weusi mtupu na aanze mwanzo kama ulivyoanza wewe.

Kuna mwanafunzi mmoja alipewa swali la ng'ombe anayekokota mkokoteni. Akachora ng'ombe. Akamtia nundu, akamtia mkia, akaingia kwenye pembe, na pembe zikamkolea, akazipinda hivi na hivi karibu robo saa nzima huku foleni nyuma yake ikiguna. Mama alimwacha. Alipomaliza akamsifu kwamba ng'ombe ni mzuri na anastahili kuuzwa, ila mkokoteni uko wapi? Hakuwa amechora mkokoteni. Leo kijana huyo anachora ramani za majengo, na kila akija kutusalimu huulizwa habari za ng'ombe.

Mkaguzi wa elimu naye aliwahi kupatikana. Alikuja na faili lake, akauliza kwa ukali meza hii ipo kwa kibali cha nani na inafundisha nini. Mama akamwambia ajaribu. Akampa swali la ngazi iliyoegemea ukuta, akamwambia amchoree. Mkaguzi alichora, akafuta, akachora tena, akavua koti. Dereva wake alikuja kumkumbusha shule ya pili mara mbili. Katika ripoti yake ya mwaka ule, sehemu ya meza nyeusi ina mstari mmoja: iendelee.

Basi, sasa niingie kwenye langu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Nilifika shuleni hapa miaka ishirini iliyopita, cheti changu cha chuo kikuu kikiwa bado kinanuka wino. Nilikuwa kijana, nilikuwa na tai tatu, na nilijiona nimekuja kuwaokoa watu. Kwamba wanafunzi wangu wakikwama wanakimbilia kwa mtunza maabara badala ya kunijia mimi, lilinikaa kooni kama mfupa. Nilijiambia kwamba mtu asiye mwalimu hawezi kufundisha, na kwamba lazima anawapa majibu. Sikuwahi kwenda kutazama. Mlango wa maabara uko hatua arobaini kutoka ofisi ya walimu, nimezihesabu baadaye, lakini mwaka ule wa kwanza mzima sikuzitembea baada ya kengele hata siku moja.

Mwaka wa pili niliwapa kidato cha tatu kazi ya nyumbani yenye swali moja nililojivunia. Mtu wa kilo sitini amesimama juu ya mizani ndani ya lifti. Lifti inashuka, na inapunguza mwendo kwa kiwango cha mita mbili kwa sekunde kila sekunde. Mizani itasoma nyutoni ngapi? Kwenye karatasi yangu ya majibu niliandika 480. Hoja yangu ilikuwa rahisi: lifti ikishuka mtu huwa mwepesi.

Nikakusanya madaftari arobaini na mawili. Wanafunzi kumi na mmoja waliandika hili na lile. Thelathini na mmoja waliandika 720. Wote! Na wote walikuwa na mchoro wa lifti pembeni, mtu ndani, mishale miwili, mmoja mrefu kuliko mwingine. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza mara mbili. Mimi nilichoona ni ushahidi. Watu thelathini na mmoja hawawezi kukosea kosa moja, nikasema, isipokuwa wamenakili mahali pamoja, na mahali penyewe napajua.

Niliingia darasani nikawarudishia madaftari na sifuri thelathini na moja kwa wino mwekundu. Nikawaambia ni wezi wa majibu. Nilitumia neno hilo hilo, wezi. Palikuwa na msichana wa mstari wa mbele, aliyekuwa bora kuliko wote katika somo langu, akasimama akataka kueleza. Nikamwambia akae. Kisha nikaenda kwa mkuu wa shule wa wakati ule na malalamiko ya maandishi, ukurasa mmoja na nusu, kwamba mtunza maabara anauza elimu ya watoto kwa kuwafanyia kazi zao. Mama aliitwa. Hakubishana. Alisema kwamba hajawahi kushika chaki, basi. Meza nyeusi ikafungwa, na barua ya onyo ikaingia kwenye faili lake.

Wiki tatu zikapita. Saa tisa na nusu wanafunzi walikuwa wakipita karibu na dirisha la maabara wakichungulia, halafu wanakwenda zao. Ofisini watu walianza kusema, na nyinyi mnajua watu wakianza kusema. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Wengine walikumbuka ghafla kwamba hata wao waliwahi kushuku. Wengine waliongeza chumvi mpaka ikawa anavujisha mitihani. Mama alikuwa anaingia ofisini kuchukua funguo, anasalimia, anaitikiwa nusu nusu, anatoka.

Siku moja aliniomba nikamsaidie. Alisema mizani za springi zimekaa sana kabatini na anataka kujua kama bado nzima, na yeye macho yake hayafuati mshale vizuri. Nikaenda, maana ombi lilikuwa la kazi. Akanipa mizani ikiwa na jiwe la kilo moja linaning'inia, akaniambia niinue juu, nishushe, halafu nisimamishe, nimsomee. Akaenda zake kwenye sinki kuosha bika akanipa mgongo.

Nikainua. Nyutoni kumi. Nikashusha, na nilipoanza kushusha mshale ukapungua kidogo, nikatabasamu. Halafu nikasimamisha. Mshale ukaruka juu ya kumi. Nikadhani mkono wangu umetetemeka. Nikarudia. Ukaruka tena. Nikarudia mara ya tatu, polepole, na kabla jiwe halijasimama kabisa nilikuwa nimeshajua. Lifti inayoanza kushuka humfanya mtu mwepesi. Lifti inayoshuka huku inapunguza mwendo humlemea miguuni, na kila aliyewahi kupanda lifti anajua hilo kwa magoti yake. Kumi za uvutano wa dunia na mbili za lifti ni kumi na mbili, na sitini mara kumi na mbili ni 720. Watoto thelathini na mmoja walipata. Aliyekosa ni mimi na tai yangu.

Nilimtazama. Yeye alikuwa anaosha tu. Aliniuliza, bila kugeuka, kama mizani ni nzima. Nikasema ni nzima, Mama. Akasema basi nizirudishe kabatini, na nikitoka nifunge mlango.

Ndugu zangu, hapo ndipo mtu muungwana angekwenda moja kwa moja darasani. Mimi nilikwenda kwa mkuu wa shule nikasema nimechunguza na sikupata ushahidi wa kutosha. Ushahidi wa kutosha! Meza ikafunguliwa. Kazi ile ya nyumbani nikaitoa kwenye hesabu ya alama, nikawaambia wanafunzi kwamba nimeamua kuwasamehe. Niliwasamehe kwa kupata jibu sahihi. Barua ya onyo ikabaki kwenye faili, na minong'ono ikabaki kwenye midomo, kwa sababu meza iliyofunguliwa kimya kimya huacha kila mtu na tafsiri yake. Mwalimu mpya akija, hata mwaka jana tu, haipiti wiki kabla hajaambiwa chini chini kwamba Mama Nichoree ni mtu mzuri sana, ila zamani palikuwa na jambo.

Jambo lenyewe ndilo hilo. Hakuwapa majibu. Hakuvujisha chochote. Aliwafundisha sawasawa, mimi nikawafundisha makosa, na adhabu akapewa yeye. Miaka kumi na tisa nimekunywa naye chai ofisini, amenipangia vifaa vya kila somo, amehudhuria msiba wa baba yangu akakaa jikoni na wanawake wa nyumbani siku mbili, na hakuwahi kunigusia. Baada ya ile siku ya mizani nilianza kwenda kwenye meza nyeusi. Mwanzoni nilisimama mlangoni. Baadaye nikawa namletea maswali yangu kabla sijawapa wanafunzi, naye akawa ananiambia kama wengine wote nimchoree. Kama leo mnaniita mwalimu mzuri, na wapo wanaoniita hivyo, mjue nilifundishwa hapo, kwa chaki ya mabaki.

Mwezi uliopita nilimpelekea nakala ya wasifu huu, mpaka hapo mlipofika kusoma. Nilitaka ruhusa yake. Nilimkuta maabara anahesabu prizimu. Alivaa miwani akasoma yote, akacheka kwenye ng'ombe, akaisoma ya lifti mara mbili. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, yake au yangu. Aliponirudishia karatasi akauliza jambo moja tu: wale watoto je, nimewaambia?

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kwa sauti ile ile anayomwelezea mtoto wa kidato cha kwanza. Alisema yeye alibaki hapa, na kila aliyetaka kumjua alimjua, maana alikuwa anafika kazini kila asubuhi watu wanamwona. Barua ya faili haikumnyima usingizi. Siku ile alipoitwa na mkuu alinyamaza kwa kuwa mwalimu akiumbuliwa na mtu mwingine, darasa humkosa moja kwa moja, lakini akikiri mwenyewe darasa humpata zaidi. Alinipa mizani ili nikakiri mwenyewe. Akangoja. “Mimi nilibaki,” alisema. “Wao waliondoka na sifuri zako.”

Nasema kweli, nilitamani ardhi ipasuke. Miaka kumi na tisa nilidhani deni langu ni kwake. Yule msichana wa mstari wa mbele, mwisho wa mwaka ule aliacha fizikia akahamia masomo mengine, na mimi ofisini nilisema kwa sauti kwamba wasichana wengine hawana uvumilivu. Mama alikuwa amesimama pale akisubiri funguo.

Sikuwa na orodha. Daftari la alama la mwaka ule nililitupa mwenyewe, mnaweza kubahatisha kwa nini. Mama akavuta kiti, akaniambia niandike. Akanitajia wote thelathini na mmoja, na pale jina lilipomkataa aliusema mchoro: yule aliyeitia lifti madirisha na mapazia, yule aliyemvika mtu wake kofia, yule aliyechora mizani kubwa kuliko lifti. Kutoka kwenye michoro tukapata majina, na kutoka kwenye majina, kwa msaada wa karani wetu na ndugu na marafiki wa ndugu, tukaanza kupata namba za simu.

Nimewapata ishirini na saba. Kila mmoja nimempigia mwenyewe, nikajitambulisha, nikamwambia kwamba jibu lake lilikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekosea, na kwamba nilijua tangu mwaka ule ule. Wengi walicheka. Mmoja, sasa ni daktari wa meno, alisema alishagundua alipofika chuo na kwamba amenitukana vya kutosha, nisiwe na wasiwasi. Wa ishirini na nane hayupo tena duniani. Nilizungumza na mama yake. Aliniomba nirudie polepole, kisha akamwita mume wake aje, nikarudia mara ya tatu ili baba naye asikie kwamba mtoto wao hakunakili.

Yule msichana ana duka la kushona nguo, tena lina mafundi sita chini yake. Nilijitambulisha. Nilianza kueleza habari za lifti, na kabla sijafika popote akasema, “Mia saba na ishirini.” Nikasema ndiyo. Akasema alijua. Kisha akaniambia, bila hasira, kwamba fizikia hakuwahi kuichukia, ila hakuweza tena kukaa mbele yangu. Nikasema pole, neno dogo kwa jambo kama hilo. Aliniagiza salamu kwa Mama, na nimezifikisha.

Mkuu wa shule wa sasa ameiondoa barua ya onyo, na barua ya shule ya kumsafisha Mama itasomwa siku ya sherehe na kubandikwa kwenye mbao za matangazo, ofisini na nje. Meza nyeusi itabaki ilipo. Mwalimu mwenzangu wa hesabu na mimi tutapokezana, Jumatatu hadi Alhamisi. Mama ametujaribu wiki nzima akiwa amekaa nyuma yetu. Mwenzangu alifaulu siku ya pili. Mimi ilibidi nifungwe mikono kwa leso mgongoni, maana nikiona mtoto anakosea mkono unakwenda wenyewe kwenye chaki.

Mama yetu, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi, na watoto wote waliowahi kukuchorea magari, mawe na ng'ombe wasio na mkokoteni, tunakushukuru. Ulitufundisha bila cheo cha ualimu na ulitusubiri bila kutuaibisha. Mume wako anasema amekutengenezea kiti cha kukalia barazani na anaomba usimpe maswali wiki ya kwanza. Tunakuombea afya, mchana mrefu usio na kengele, na wajukuu wanaouliza sana.

Kati ya thelathini na mmoja bado watatu sijawapata. Kama wewe unayesoma hapa ulikuwa kidato cha tatu mwaka ule, na ulipewa sifuri kwa swali la lifti, ulipata. Kama unamfahamu mmoja wao, mwambie, au nipe namba yake nimwambie mimi. Na wewe Mama, pumzika moyo wako ukiwa umetulia. Siku nitakapompata wa mwisho, nitakuja nyumbani kwako kwa miguu kukuambia.